Kipindi cha Tano, Jumatano

Kwenye ratiba ya darasa la sita, Jumatano kipindi cha tano, paliandikwa "Michezo" kwa wino mwekundu. Aliyeandika ni mwalimu wa michezo mwenyewe, na tangu mwaka uanze hakuwahi kukifanyia kipindi hicho jambo lingine lolote. Kila Jumatano alipofika mlangoni na filimbi yake shingoni, alimkuta mwalimu wa hisabati keshajaza nusu ubao. Watoto walimwita bwana huyo Kumi Juu ya Kumi, maana kwake alama nyingine zote zilikuwa aibu.

"Dada yangu, nipe dakika tano tu nimalizie hesabu za sehemu," alikuwa akisema bila hata kugeuza shingo.

Dakika tano zake zilikuwa arobaini kamili, na vumbi la chaki juu yake.

Mwanzoni mwalimu wa michezo alikwenda kulalamika. Mwalimu mkuu, mama mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, alimsikiliza huku akipanga mafaili. "Mwanangu, mtihani uko mlangoni. Wakifeli, ataulizwa nani? Wewe na filimbi yako?" Kisha akamsogezea daftari la vipindi. "Tia sahihi hapa kwamba umefundisha. Mambo ya karatasi tu hayo."

Akatia. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, kwamba mkono ni wake na kalamu ni yake. Na ukishatia sahihi ya kwanza, ya pili haikutetemeshi tena. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa na sahihi ishirini na mbili za vipindi ambavyo havikuwahi kufundishwa. Mipira sita ya shule ilikaa kabatini kwa mwalimu mkuu, ndani ya mifuko yake ya nailoni, kwa kuwa mama yule alikuwa mkono wa birika hata kwa vitu ambavyo hakununua yeye. "Wakiichezea itachakaa," alisema. Sasa mpira usiochezewa ni wa nini, wa kuatamia?

Kilichomuuma zaidi ni watoto wenyewe. Alikuwepo binti mmoja wa dawati la nyuma ambaye wenzake walimpachika jina la Bibi, kwa sababu alipanda ngazi za darasani akipumzika mara mbili njiani. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Kwenye hisabati alisinzia macho wazi, na Kumi Juu ya Kumi alikwisha kumkatia tamaa.

Jumatatu moja ikaja habari kwamba keshokutwa mkaguzi atafika. Shule ikapinduka. Madirisha yakafutwa, na mipira ikatolewa kabatini ikajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli ya mlinzi.

"Jumatano kipindi cha tano ni chako," mwalimu mkuu akamwambia. "Kifundishe vizuri."

"Dakika tano au arobaini?"

"Usinichoshe, mwanangu."

Pamoja na hasira zake, alifurahi, na akajichukia kwa kufurahi. Usiku mzima kichwa kilimpangia mchezo: vikundi vinne, kila mtoto akimbilie upande wa pili wa uwanja akaokote kadi yenye jibu la hesabu atakayotajiwa. Alitaka kuonyesha kwamba mtoto akichangamka mwili, hata hesabu humwingia.

Jumatano watoto arobaini na wawili walitoka kwa mstari mmoja, kimya, kila mmoja na daftari lake na rula. Aliwaambia waweke madaftari chini, wakatazamana. Akapuliza filimbi. Hakuna aliyenyanyua mguu. Kisha mkono mmoja ukainuka.

"Mwalimu, tuandike tarehe?"

Mkaguzi, mzee wa miwani na faili kubwa, alitikisa kichwa akaandika kitu. Mwalimu wa michezo aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Akachukua mpira akamrushia Bibi.

Mpira ulimgonga tumboni. Bibi akashtuka, akacheka, akaurudisha, na kicheko chake kikawafungulia wenzake wote. Kwa robo saa uwanja ule ulikuwa na kelele za watoto. Ilipotajwa sita mara saba, Bibi ndiye aliyetimua mbio, akihema, kiatu kimoja kikimtoka, akarudi na arobaini na mbili mkononi. Kumi Juu ya Kumi alikuwa amesimama dirishani, na kwa mara ya kwanza alikosa la kusahihisha.

Baadaye ofisini mkaguzi akafungua daftari la vipindi. "Ishirini na viwili. Mbona hawajui hata filimbi inataka nini?"

"Waliona haya kwa sababu ya mgeni," mwalimu mkuu akadakia.

Mkaguzi akamgeukia mwenye sahihi. Naye akapiga moyo konde. "Sijafundisha hata kimoja, mzee. Cha leo ndicho cha kwanza. Niadhibu mimi, lakini watoto waachiwe kipindi chao. Umewaona mwenyewe."

Mkaguzi akalifunga daftari. "Umesema kweli," alisema, "na nitaandika hivyo hivyo."

Siku hiyo alirudi nyumbani mwepesi, akidhani mambo yamekwisha.

Ripoti ilifika baada ya wiki mbili. Yeye alipewa onyo kwa maandishi. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: kwa kuwa kipindi cha michezo darasa la sita hakitumiki, kiingizwe rasmi kwenye hisabati.

Mwalimu mkuu hakumgombeza. "Si ulitaka karatasi ziseme kweli?" alisema. "Haya, sasa zinasema." Akampa karatasi ya manila na kalamu ya wino mwekundu aandike ratiba mpya, maana hati yake ndiyo ilikuwa nzuri.

Jumatano iliyofuata, kipindi cha tano, alikuwa akiibandika mlangoni, ndani Kumi Juu ya Kumi akigawanya sehemu, mara Bibi akatoka kwa ruhusa ya kwenda msalani. Alisimama mbele yake.

"Mwalimu, yule mgeni atakuja lini tena?"

"Kwa nini?"

"Kila jioni nakimbia kutoka kwetu mpaka kwa shangazi, nirudi. Sasa nafika bila kupumzika. Nataka akija anikute tayari."

Hasira zilimpanda mwalimu mpaka machozi, na hakujua amkasirikie nani kwanza. Akasogea, akaiziba ratiba kwa mgongo wake.

"Hajasema," akamjibu. "Nenda upesi, usije ukakosa somo."