Filamu Niliyoiona Nusu

"Yuko nyuma yetu," dada yangu alininong'oneza, na kucha zake zikazama mkononi mwangu.

Kwenye skrini, gari bovu lilikuwa likipanda kilima cha mawe, vumbi likilifuata. Daftari lilikuwa pajani mwangu. Miaka ile nilikuwa mchambuzi wa filamu wa gazeti, na mhariri alitaka mambo mawili tu kila Ijumaa: uzuri na kasoro. Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya makauboi wa kisasa, walioacha farasi wakapanda magari, lakini bunduki hawakuziacha. Upande wa uzuri nilishajaza ukurasa: upepo unaosikika kuliko muziki, nyuso zinazoachwa zinyamaze, jua kali lisilomficha mtu. Upande wa kasoro nilikuwa na mstari mmoja. Mjane anajua muuaji yuko njiani, mlango wa nyuma uko wazi, naye ameketi mezani anakunja nguo. Nikaandika: hakimbii, haiaminiki.

Safu mbili nyuma yetu, mtu alikohoa kikohozi kifupi, kama anayebisha hodi. Nilikijua. Shemeji yangu alikohoa hivyo kila alipotaka kusema jambo. Kalamu ikanitoka vidoleni.

Wiki tatu kabla, dada alifika kwangu saa saba mchana, jua la utosi, amevaa kiatu kimoja na koti zito lililofungwa mpaka kidevuni. Nilipomvua koti nikaelewa kwa nini alilifunga. Nilimwogesha, nikampa kitanda changu. Kisha nikamuuliza swali linaloniuma mpaka leo: "Mbona hukuondoka mapema?" Akageukia ukuta. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nakisahihisha kama mtihani.

Kwenda sinema lilikuwa wazo langu. Nilimwambia maonyesho ya mchana hayana watu, giza litamsitiri. Sikufikiria kwamba giza humsitiri yeyote anayeingia.

Mlango wa dharura ulikuwa hatua kumi kushoto kwetu, taa yake ya kijani ikiwaka. Niliuona vizuri. Niliiamuru miguu yangu isimame, haikunisikia. Ilikuwa kama mizigo ya mtu mwingine niliyoachiwa niilinde. Kiti kililia nyuma yetu, kisha kingine, karibu zaidi. Pumzi yenye harufu ya mnanaa ikanifikia shingoni.

"Filamu nzuri, shemeji?" aliuliza kwa upole. Kisha akamwinamia dada. "Twende nyumbani. Usinitie aibu mbele za watu."

Mjane akachukua shati jingine, akalikunja.

Dada aliniachia mkono. Nilidhani anakwenda naye, maana ndivyo alivyofanya mara zote. Badala yake alisimama wima, kichwa chake kikaingia kwenye mwanga wa projekta, kivuli chake kikatanda juu ya meza ya mjane.

"Naomba taa ziwashwe," alisema.

Mtu akaguna. Mwingine akamwambia aketi, wenziwe wamelipa kiingilio. Akarudia.

"Washeni taa. Huyu ni mume wangu. Nimemkimbia asije akaniua, naye amenifuata mpaka humu."

Taa zikawaka. Tulikuwa watu kumi na wanne. Katika mwanga shemeji alikuwa mtu wa kawaida tu, shati limepigwa pasi, pakiti ya bisi mkononi haijafunguliwa. Mama mmoja mnene mwenye kapu la sokoni aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akaja akajipenyeza kati ya shemeji na dada, akalipakata kapu lake. Mkata tiketi akaja kusimama ubavuni mwa safu yetu. Shemeji alitabasamu, akafunga kifungo cha koti, akatoka. Mimi bado nilikuwa nimeketi.

Hayakuishia hapo. Alikuja kwangu mara mbili, na mara ya pili polisi walimkuta ngazini ana kisu. Mpaka alipofungwa nililala nimesukumia kabati mlangoni, na kila jirani akikohoa damu ilinisimama. Dada alihamia mji mwingine, akaanza kushona mapazia.

Uchambuzi niliupeleka bila ule mstari. Mhariri akauliza kasoro ziko wapi, gazeti si ubao wa matangazo. Nilimwambia ukweli, kwamba niliiona nusu. Akachapa kilichokuwepo.

Mwaka jana filamu ile ilioneshwa kwenye televisheni. Dada akanipigia simu kesho yake, tukaongea habari za watoto na bei ya vitambaa, ndipo akasema ameiangalia.

"Katikati inachosha," alisema. "Ila ule upepo wameupatia."

Nikamuuliza yule mjane aliishia wapi. Akasema hapo hakupaona vizuri; alikuwa jikoni, anageuza vitunguu visiungue.