Ombi la Mzee Kaneyoshi

Mzee Kaneyoshi hakuwahi kuomba kitu nyumbani mwake. Alitaja tu. Akisema "Chai," chai ilikuja. Akisema "Bafu," maji yalitiwa moto. Mkewe aliyazoea hayo mpaka alipofariki, na mkamwana wao Chinami akayarithi. Sasa mwaka wa msiba wa mumewe Chinami, mwana wa Mzee, ulikuwa umetimia, na Chinami, mjane asiye na mtoto, alikuwa akifunga sanduku arudi kwao Morioka. Mzee hakutaka aende, ila hakujua aanzie wapi.

Akamwendea jirani, Bi Orihara, aliyezeekea kwenye mapokezi ya hoteli.

"Nifundishe kuomba."

"Hapo umeniomba au umeniamuru?" Bi Orihara akacheka. "Keti, kichwa kigumu wee. Usiseme 'fanya.' Sema kana kwamba wewe ndiye unayepokea: 'Je, nisingeweza kupokea kutoka kwako hisani ya kubaki?' Na kichwa ukiinamishe."

Mzee akayakariri maneno hayo juu ya ngazi, akichuma matufaha ya mwisho. Jioni akapiga magoti mkekani, akainama, akayatoa yote bila kukosea.

Chinami akaweka chini bakuli la supu. "Nimeelewa, Baba. Kesho nitaondoka."

"Umeelewa nini?"

"Miaka yote ni 'wewe, leta.' Leo unaninyenyekea kama mgeni wa hoteli. Si ndivyo mtu anavyoagwa?"

Mzee akainua kichwa. "Ni Orihara. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Ulikwenda kwa Bi Orihara? Wewe?" Chinami akabana midomo asicheke.

"Nilikwenda."

Kulikuwa na namna nyingine ya kuomba, fupi, ya watu wa nyumba moja. Si amri, wala si ya kupigia magoti. Ni ya mtu anayetaka apewe, na anayejua anaweza kunyimwa. Hata mkewe, Mzee hakuwahi kumwomba hivyo.

"Chinami," akasema, macho chini. "Unibakie."



"Nitakwenda kumwona mama," akasema Chinami. "Nitarudi kabla theluji haijafunga barabara." Akalisukuma bakuli mbele ya Mzee. "Supu yako imepoa."

Mzee akainuka, magoti yakimuuma, akaipeleka jikoni kuipasha mwenyewe.