Linda Buti

Mume wangu Gervais ni mtu wa kunyamaza wiki nzima, kisha anakuja na wazo la kukutoa roho. Siku ya sikukuu, mimi nimeshajipangia usingizi, akasema twende msituni. Nilimuuliza msitu gani tena Johannesburg. Akanieleza kwamba kuna miti mikubwa myekundu ukingoni mwa mji, asili yake Amerika, mirefu kuliko ghorofa letu la Yeoville. Mwenzake wa kazini alimwonyesha picha.

Nilijua anachotafuta. Tangu nimfuate kutoka Uvira, nilikuwa nasuka nywele za Wakongomani wenzangu chumbani mwetu, na sikuwahi kuvuka duka la kona peke yangu. Wiki ile watu walikuwa wameandamana mjini wakitaka wageni waondoke. Nilishamwambia nataka kurudi kwetu. Basi akaona anionyeshe kitu kizuri cha mji wake kabla sijafunga mizigo.

Alivaa buti zake za kazi, maana ni mlinzi wa supamaketi na hana viatu vingine vya kutembelea. Getini alikuwepo mlinzi kama yeye, anawauliza watu maswali. Gervais, ambaye karatasi yake ya ukimbizi muda wake umeisha, akageuka kama aliyesahau kitu, akanishika mkono tukafuata uzio mpaka penye tundu. Tulipopenya tukakuta utepe mwekundu na mweupe umefungwa kutoka mti hadi mti. Nilimuuliza ni wa nini. Akasema ni wa kuzuia wasiolipa kiingilio, akauinua nipite chini yake.

Miti ile, jamani, sikuipenda. Ilikuwa mizuri, nakubali, lakini ilikuwa mikubwa mno na imenyooka mno, na kule chini mwanga ulikuwa wa kuokoteza. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Tulitembea bila kusema, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya Gervais: nje ya Yeoville, Kiswahili mdomoni hapana. Mwaka jana, karibu na Joubert Park, vijana walimsimamisha wakamuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Hakujua. Kovu liko juu ya sikio lake, nikimnyoa nalizunguka.

Mbali kidogo msumeno wa mashine ulikuwa unanguruma. Kisha ukazima. Ndipo tukasikia mtu anapiga kelele nyuma yetu.

Nikageuka. Mwanamume mwenye kofia ngumu alikuwa anakimbia kati ya miti, anakuja kwetu, na panga mkononi.

"Linda, buti! Linda!"

Gervais hakugeuka hata kutazama. Alinivuta, tukakimbia. Nilifikiria mama yangu, nani atamwambia, na kwa lugha gani. Yule mtu naye hakuchoka, aliita tu yale yale: linda, buti, linda. Na mimi katikati ya hofu ile nikaanza kushangaa. Mtu anayetaka kuua anakwambiaje ulinde viatu? Nikatupa jicho chini. Kweli, kamba ya buti la kulia la Gervais ilikuwa imefunguka, anaiburuza kwenye majani.

Nikasimama, nikamng'ang'ania mkono.

"Gervais, ule mtu anasema ulinde buti yako. Kamba imefunguka."

"Usisimame, Yolande. Kimbia."

Alinivuta kwa nguvu ambazo hajawahi kunivuta nazo. Nilikataa. Mimi nikikataa nimekataa, muulizeni mama mkwe. Nikapiga magoti nikaishika ile kamba, na yeye juu yangu analia kwa hasira.

Kitu kikapasuka mbele yetu. Mti mzima ukaja chini, polepole kwanza, halafu wote kwa pamoja, ukalala juu ya njia tuliyokuwa tunaikimbilia. Ardhi ilinipiga magotini. Vumbi na matawi vikatufunika, na nilipofumbua macho tawi lenye unene wa mwili wangu lilikuwa karibu kiasi cha kuligusa.

Yule mtu alitufikia hana pumzi. Aliweka panga chini. Aliongea sana, akionyesha utepe, akionyesha mti, akishika kichwa. Akatusindikiza mpaka getini, na hakuna aliyetuuliza karatasi.

Ndani ya teksi niliinama sikioni kwa Gervais. Nikamuuliza linda ni nini kwa Kizulu.

"Ngoja," alisema.

"Na buti?"

"Kaka."

Ningejua kwamba yule mwenye panga anatuambia tungoje, ningekimbia kumshinda Gervais, na sasa hivi tungekuwa chini ya mti. Nikamnong'oneza kwamba basi mtu yule alikuwa anamwita kaka muda wote, na sisi tunamkimbia.

Gervais alitazama nje, mkono juu ya sikio lake.

"Wale wa Joubert Park pia walianza hivyo hivyo," alisema. "Linda, buti."

Niliinama nikaikaza tena kamba ya buti lake, ingawa ilikuwa imekaza.