Kivuko Kisichomo Kitabuni

Xiong, mwimbaji wa mazishi, alikuwa amesimama kando ya jeneza la Dada Aduo akimwonyesha marehemu njia, na alikuwa akiisoma kitabuni. Kitabu chenyewe ni changu mimi, Mhan wa mjini, wa lile kabila kubwa la Uchina, niliyepanda milima hii ya Wamiao miaka thelathini na tisa iliyopita kuandika wao ni nani, nikapewa uprofesa kwa kazi hiyo.

Roho ya Mmiao hurudi kwa wahenga wake kituo kwa kituo. Kituo kisipotajwa, roho hukwama. Xiong akaitoa roho ya Aduo, Mmiao aliyenifanya ndugu yake tangu nilipofika huku, Mlima wa Mipeasi, akaiingiza Bonde la Chumvi, na moyo ukanilipuka. Katikati palikuwa na mto! Siku nilipomrekodi baba yake Xiong, mwimbaji wa kabla yake, kaseti iliisha. Nilipokuwa nikiigeuza nilimsikia akiimba habari za maji, nikaona haya kumwambia arudie. Nikaunga maneno, nikachapisha. Lo, msomi mzima!

"Xiong, ngoja," nikasema. "Pana kivuko hapo. Nilikiruka."

Ngoma ikanyamaza.

"Kinaitwaje?"

"Sikijui."

"Hukijui?" Akanikazia macho. "Profesa, nimesindikiza watu miaka kumi na saba kwa kitabu hiki. Baba mwenyewe nilimsindikiza kwa hiki hiki!"

Wazee wakaulizwa mmoja mmoja. Wapi! Hata wao njia walikuwa wameshaisoma kitabuni mwangu, na ile ya zamani ilikuwa imewatoka kichwani.

"Sasa baba yangu yuko wapi, mama mdogo?" akauliza Jinxiu, binti wa Aduo. "Na mume wangu je?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikapiga magoti, nikainamia jeneza.

"Dada, ukifika kwenye mipeasi usivuke. Utawakuta wenzako, kaa nao. Mimi nami sina miaka mingi. Nitakuja tukitafute kivuko wote."

Nilidhani Jinxiu atanifukuza. Badala yake akaninyanyua kwa kunishika kiwiko, taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Utapitia njia gani, mama mdogo?" akasema. "Wewe si Mhan?"

Nimeandika vitabu sita juu ya swali hilo, la nani Mmiao na nani siye. Watu wakasubiri nijibu.