Chungu Kilichofunuliwa

Mke wa fundi cherehani alipokuwa akifunga begi lake ili aende kumuuguza mama yake, alimwambia mumewe jambo moja. Hakulisema kwa hasira. Alilisema huku akikunja kitenge, kama mtu anayetaja kwamba nje kuna mawingu.

"Baba watoto, mimi nikirudi kutoka popote, naanzia jikoni. Hata tulipotoka kumzika baba, niliingia na viatu vya makaburini, nikakubandikia chai. Hivi ipo siku nitarudi nikute sahani inanisubiri?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani alishukuru kuwa nazo.

Watoto wao walikwisha kuolewa na kuoa, hivyo alibaki peke yake na cherehani, na lile swali likabaki naye. Alikula mkate kwa chai, akala chai kwa mkate. Zilipokuja habari kwamba mama mkwe amepata nafuu, na kwamba mkewe angerudi Jumamosi jioni na kaka yake, dereva wa lori, fundi alipanda juu ya kiti, akateremsha kutoka kabatini boksi lililojaa vumbi. Ndani yake kilikuwamo chungu cha umeme, kile cha kupika taratibu kutwa nzima, ambacho shemeji huyo huyo aliwapa zawadi na ambacho hakikuwahi kuonja maji. Akampigia simu.

"Hicho ni chungu cha mtu mvivu, shemeji," dereva alimwambia huku akicheka. "Kwa hiyo kitakufaa. Panga vitu vyako asubuhi, washa moto mdogo, funika. Halafu usifunue! Kila ukifunua, mvuke wote unatoka, kinaanza safari upya. Wewe kishone mdomo hadi jioni."

"Kushona ndiyo kazi yangu," fundi alijibu.

Jumamosi asubuhi aliifanya kazi hiyo kwa adabu kubwa. Alimenya viazi na karoti, akavikata vipande vilivyolingana kama vifungo vya shati moja. Alikaanga soseji kwenye kikaango mpaka ngozi ikabadilika rangi na mafuta yakaanza kulia. Akatandika viazi chini kabisa, karoti juu yake, kisha vitunguu, pilipili hoho na majani ya kabichi. Soseji akazilaza juu, akamimina supu aliyoikoroga kwa nyanya na kitunguu saumu. Kwa kuwa soketi ya jikoni ilikuwa imeungua, alikibeba chungu hadi chumba cha mbele, kwenye karakana yake, akakiweka juu ya meza ya kukatia nguo, kando ya pasi. Akafunika. Akawasha moto mdogo.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Katika kazi yake fundi hakuwahi kumaliza nguo bila kumwita mwenyewe aijaribu ikiwa bado na nyuzi za kushikiza. Aliamini kwamba kazi isiyoonwa ikiwa nusu haiwezi kuaminiwa ikiwa nzima. Kwa hiyo alipoingia kinyozi wa duka la pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe, akauliza ni harufu gani ile, fundi aliweka mkasi chini.

"Njoo uone kwa macho yako," akasema, akafunua.

"Lo! Na huyu ndiye aliyekuwa akishinda na chai na mkate?"

"Nampikia mke wangu. Njoo jioni uonje. Utajua kwamba kupika ni mpangilio tu, si miujiza."

Mama Pacha, jirani aliyeleta sare za wanawe kupunguzwa, naye alifunuliwa chungu, naye akaalikwa. Alifunuliwa mwanamke aliyeleta zipu ibadilishwe, akafunuliwa bwana aliyefuata suti yake, na bwana huyo alipomwita mkewe aliyekuwa akingoja barabarani, kikafunuliwa tena. Kila mara mvuke ulipanda hadi kwenye taa, watu wakasema "Mashallah", na fundi akafunika akiwa amevimba kifua. Wembe peke yake alirudi kila alipokosa kichwa cha kunyoa.

Jioni mkewe aliingia akiwa na vumbi la safari, kaka yake nyuma yake na begi. Alisimama mlangoni. Meza ya kukatia ilikuwa imetandikwa shuka jeupe, sahani zimepangwa, Wembe na Mama Pacha wamekaa tayari kama mashahidi wa ndoa.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Keti, mama watoto. Leo huingii jikoni."

Alikaa. Fundi alimpakulia wa kwanza, soseji kubwa kuliko zote juu, akaiweka sahani mbele yake kwa mikono miwili. Kisha akawapakulia wengine, huku akieleza kwamba wanawake wameifanya kazi hii ionekane ngumu bure.

Mkewe alitia karoti mdomoni. Ikasikika. Chumba kizima kilisikia karoti ile ikivunjika, kama kijiti kinachokanyagwa. Aliendelea kutafuna kwa upole, akimtazama mumewe, akajitahidi kutabasamu. Dereva alichoma kiazi kwa uma. Kiazi kikaruka kutoka kwenye sahani, kikatua karibu na pasi.

"Soseji zimeiva," Mama Pacha aliwahi kusema. "Soseji ni nzuri kabisa."

Fundi alihisi masikio yanawaka. Badala ya kunyamaza, akageuka kwa shemeji yake.

"Chungu chako kibovu. Kama ulikiokota njiani huko na lori lako, ungesema tu, mimi nisingekitia chakula cha dada yako."

Dereva aliweka uma chini. Mke wa fundi ndiye aliyeuliza, taratibu:

"Ulikifunua?"

"Mara moja tu. Kuonja chumvi."

"Ahaa," Mama Pacha alisema kwa nia njema, "basi ndiyo ile uliyonionyesha mimi."

"Wewe? Ile ilikuwa yangu," Wembe alisema. "Mimi nilikiona kabla hakijachemka. Halafu nikakiona mchana. Halafu nilipokuja na yule mteja mwenye ndevu... Ah." Akatazama kijiko chake. Lakini ulimi wa kinyozi haulali. "Mvumilivu hula mbivu, bwana. Sisi wa kufunuafunua tule mbichi."

Walicheka, hata dereva alicheka, na fundi angeweza kulibeba lile cheko. Alichoshindwa kubeba ni kilichofuata. Mkewe alisogeza kiti nyuma, akafunga upya kitenge kiunoni, akanyoosha mkono achukue chungu.

"Lete nimalizie kwenye gesi. Dakika chache tu, wageni wasilale njaa."

Hakulalamika wala hakupumua kwa nguvu. Miguuni alikuwa bado na viatu vya safari, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimevimba vikitokeza pembeni.

"Kaa," fundi alisema. "Tafadhali, kaa. Shemeji, nisamehe. Chungu ni kizima. Nimesema uongo mbele yako na mbele ya dada yako."

Alirudisha kila kitu chunguni, akageuza kitufe kwenye moto mkubwa, akafunika. Wageni walikunywa chai na mkate, wakaaga mapema kuliko adabu inavyoruhusu. Mkewe alivua viatu, akajiegemeza kwenye kiti cha wateja, na usingizi ukamchukua akiwa ameketi. Fundi alivuta kigoda karibu na chungu. Kifuniko cha kioo kilijaa mvuke. Ndani kulikuwa kunachemka na hakuona kitu. Alikalia mikono yake. Shemeji, aliyekuwa dirishani, alimwachia akae hivyo kwa muda mrefu.

"Sasa," alisema mwishowe.

Kiazi kilikatika kwa ubavu wa kijiko. Fundi alipakua sahani tatu. Ya mkewe aliitia soseji kubwa tena, akamgusa bega.

Aliamka nusu, akavuta sahani, na kabla hajafumbua macho sawasawa, mkono wake ulifanya ulichozoea: ukaichukua ile soseji kubwa, ukaihamishia kwenye sahani ya mumewe, kisha ukaanza kuokota viazi vilivyobaki.

Fundi aliitazama soseji. Alijaribu kukumbuka mlo hata mmoja, miaka yote ile, ambao kipande kikubwa hakikuwa kwake, na hakuupata. Wala hakukumbuka kuwahi kuuliza kilifikaje pale. Aliichukua, akairudisha.

Mkewe alifumbua macho kabisa. "Imekuwaje?" aliuliza kwa wasiwasi. "Huitaki? Haijaiva?"

"Imeiva," fundi alisema, akainamisha uso kwenye sahani yake. "Kula tu, mama watoto. Imeiva."