Kiti cha Mwalimu Apollinaire

Mwalimu Apollinaire alifika Butembo kutoka Beni akiwa amekaa mbele na dereva, kiti chake cha umeme kimefungwa kamba juu ya mizigo. Tangu ajali ya pikipiki miguu haikumbeba tena, na kiti hicho ndicho kilichompeleka shuleni kule Beu, mtaa wa Beni.

"Variateri tatu zimeungua," alimwambia Léa, fundi wa moteri, akimwonyesha kijisanduku cheusi kinachoongeza na kupunguza mwendo wa kiti. "Zote mu kilima cha shule. Ya pili nilinunua kwako, kwa simu."

Léa alikumbuka. Siku ile alikuwa na wateja wengi. Aliuliza volti tu, akaambiwa ishirini na nne, akatuma. Aibu ilimpanda taratibu.

"Basi nilikosea, Mwalimu. Volti ni sawa, mais sikuuliza moteri inakula ampea ngapi."

Kibati cha maandishi kwenye moteri kilikuwa kimefutika. Léa aliiunganisha moja kwa moja na bateri kwa swichi nzito, akabana waya kwa pensi ya kupimia umeme, akamkalisha Mwalimu kitini. Uwanjani, kwenye sakafu tambarare, pensi ilisoma ampea kumi na mbili. Kwenye mwinuko wa mbele ya karakana ilisoma arobaini na tano, na wakati wa kuondoka ikaruka hadi sitini na nane. Variateri iliyoungua ilikuwa ya thelathini.

"Kumbe ilikuwa inabebeshwa mara mbili ya nguvu yake," Mwalimu alisema. Kisha akaona nyingine kwenye rafu. "Ile ya hamsini? Funga tu ile, dada. Batoto wananingoja kesho."

"Hapana, Mwalimu. Itakuangusha tena."

Mwalimu akabaki Butembo siku mbili, kwa binamu yake. Léa alizunguka kwenye maghala ya wafanyabiashara wakubwa, na katika ghala moja akapata variateri ya mkokoteni wa umeme wa kubebea mizigo, volti zile zile, ampea mia na ishirini. Hiyo nayo ilikuwa na hatari yake: ikiachwa itoe yote, ingeichoma moteri yenyewe. Basi akaipangia mwisho, ampea sabini, na akaipanga ianze polepole.

Asubuhi ya tatu Mwalimu alipanda mwinuko peke yake, Léa akimfuata hatua moja nyuma. Katikati kiti kikasimama ghafla. Léa akaangalia moteri kama inatoa moshi.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nasalimia."

Alikuwa anazungumza na mama mmoja mwuza ndizi, juu ya mvua na bei za ndizi kule Mbau, bila haraka yoyote. Léa alingoja, maana hakuna kazi ngumu kwa moteri kama kuondoka mahali penye mwinuko. Mwalimu akamaliza salamu zake, akasukuma mpini. Kiti kikanguruma kidogo, kikaenda hadi juu.

Léa aliinama, akagusa moteri kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa na joto la kuvumilika. Akatoa msumari, akakwaruza maandishi ubavuni mwake: 24 V, 70 A.

"Unaandika nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kwa fundi wa Beni, siku variateri itakapoharibika. Asikisie kama mimi."