Moshi wa Nyirabageni

Gari la Leonidas lilikuwa likikohoa kila lilipofika kwenye kona ya mlima wa Mabira. Nililisikia nikiwa jikoni kwangu. Linapanda, linapanda, halafu pu, pu, pu, kama mzee mwenye kifua, kisha kimya. Baadaye Leonidas angelirudisha polepole hadi uani kwa mama yake, nami ningemshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mama yake, Nyirabageni, alikuwa jirani yangu. Alikuja kutoka Rwanda akiwa bado kijana, Leonidas mgongoni, akapata shamba lililopakana na letu. Marehemu mume wangu alimpa machipukizi ya migomba. Yeye alinipa zaidi. Nilipojifungua Deodatha, ndiye aliyenichotea maji. Mume wangu alipofariki, alihamia kwangu na mkeka wake bila kuombwa, akalala pale hadi nilipozoea kulala peke yangu. Deodatha akaolewa Mwanza. Nikabaki na Nyirabageni, na kiko chake tulichopokezana kila jioni mlangoni pa jiko lake. Mimi sikuwahi kuwa na changu.

Mwaka wa tisini na nne, vita ya kwao ilipokwisha, wakimbizi wa zamani walianza kurudi. Nyirabageni alipata habari kwamba dada yake aliyebaki kule yu hai, yeye peke yake katika nyumba nzima.

"Nikamwone kabla macho hayajafunga," aliniambia. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.

Leonidas alikuwa fundi wa magari mjini Omurushaka. Mfanyabiashara mmoja alimlipa ujira wake kwa gari hilo dogo, kuukuu, ambalo lilikuwa limewashinda mafundi wengine, naye akaapa kumpeleka mama yake nalo. Lilikuwa na tabo, kile chombo kinachosukuma hewa kwenye injini ili gari lipate nguvu.

"Leonidas mwanangu," nilimtania asubuhi moja, "hiyo tabo yako inasukuma mbele au inavuta nyuma?"

"Shikamoo kwanza, Mama Deodatha. Matusi baadaye."

Alifungua boneti. Ndani palijaa mipira myembamba, myeusi, imesokotana kama utumbo wa mbuzi.

"Ukinywa pombe ya lubisi kwa mrija wenye ufa, inakuwaje?" akaniuliza.

"Nanyonya upepo, na wenzangu wanamaliza kibuyu."

"Basi injini nayo inanyonya. Waliotengeneza gari hili waliipa mirija mingi mno, na mingi haina kazi huku kwetu. Kila mmoja ukizeeka unapasuka. Nitaitoa isiyo na kazi, na inayobaki nitaipitisha njia fupi."

Kabla ya kuanza, alivua koti lake akalitandika juu ya jiwe ili mama yake akalie. Kisha akaufuata kila mpira kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta mzizi. Usio na kazi aliuchomoa, na tundu lake akaliziba kwa kipande cha mpira chenye bolti ndani. Ile aliyoitoa aliitundika kwenye tawi la mbuni pale uani. Jua lilipokuwa utosini, kwenye injini palikuwa peupe, ungeweza kupitisha mkono.

Akawasha. Mlio ulikuwa mzuri kuliko jana, lakini gari bado lilitetemeka pale liliposimama.

"Kuna mmoja bado unavuja katika hii iliyobaki," akasema. "Nahitaji moshi."

Wote wawili tukamtazama Nyirabageni na kiko chake.

"Ila kiko kisifike hapa," Leonidas akasema upesi. "Kuna petroli. Mama, vuta kule jikoni, uje na moshi mdomoni. Wewe utapuliza upande huu, mimi nitaziba upande wa pili, Mama Deodatha ataangalia unapotokea. Yeye ana macho."

Basi Nyirabageni akaja kutoka jikoni, mashavu yamevimba, mkono mmoja unapapasa ua.

"Jamani, bi harusi huyo anakuja," nikasema. "Msimwulize kitu!"

Moshi wote ukamtoka puani.

"Eustadia, mchawi wewe! Umenimalizia tumbaku!"

"Nifunge mdomo?"

"Funga mdomo, fungua macho!"

Akarudi jikoni, akaja tena, na tena. Mpira wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Tulicheka kama wasichana kisimani. Ukabaki mmoja, mnene kuliko mingine, uliopita nyuma ya injini. Leonidas alizamisha mkono hadi begani ili kuuziba, uso wake ukageukia upande wa pili. Nyirabageni akapuliza. Niliinama.

Pale chini, kibano cha chuma kilipokuwa kimeukwaruza mpira, uzi mdogo wa moshi ulipanda, mwembamba kama ule wa mshumaa uliozimwa kanisani.

"Kuna kitu?" Leonidas akauliza.

Nilizidi kuinama. Yeye hakuona, na mama yake hakuweza kuona. Nikisema hakuna, gari litakohoa kwenye kona, litarudi uani, na jioni tutakaa mlangoni na kiko chetu.

Nyirabageni aliishiwa pumzi, akaondoa midomo.

"Tuuache huo, Leonidas," akasema. "Ungekuwa unavuja, Eustadia angeshasema."

Uzi wa moshi ulikuwa unakatika.

"Unavuja," nikasema. "Chini hapo, penye kibano."

Leonidas alipapasa hadi akapata. Akautoa mkono, umejaa mafuta.

"Huu ni wa breki," akasema. "Ndio unaozipa breki nguvu. Kwenye mteremko wa Rusumo kule mpakani, na mama ndani…"

Alichukua kisu. Aliukata mpira pale ulipoharibika, na kwa kuwa njia sasa ilikuwa fupi, uliobaki ulitosha. Nyirabageni aliutafuta mkono wangu akaushika. Sijui kama alitambua nilivyokawia.

Waliondoka kesho yake umande haujakauka. Nyirabageni alinikumbatia, akasema atarudi kunitazama, nami nikasema najua. Leonidas alimfunika mama yake miguu kwa lile koti.

Nilisimama uani kwao nikisikiliza. Gari likapanda, likapanda, likafika kwenye kona. Nikangoja. Halikukohoa. Lile bovu lingeniambia limefika wapi. Hili zima lilipita kimya, na sikujua ni saa ngapi hasa nilibaki peke yangu.

Nilipokwenda kufunga jiko lake, nilikikuta kiko juu ya jiwe la mlangoni. Kilikuwa kimeshindiliwa tumbaku, na kando yake kaa la moto lilikuwa limefukiwa kwenye majivu lisizimike.

Niliwasha. Nikavuta, nikajaza mashavu, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi pale gari lilipokuwa. Palikuwa na doa la oili, na mipira ile juu ya mbuni.

Nilikaa na moshi mdomoni kadiri nilivyoweza. Hakuna aliyenichekesha.